Lupini au magimbi nyuma ya nyumba? Angalia maji yanakokwenda

Swali: Habari za kazi. Naishi Ilboru, Arusha. Nyuma ya nyumba nina eneo la kama mita 10 kwa 8, limeinama. Upande wa chini maji ya mvua na ya jikoni yanatuama, hapakauki hata kiangazi. Upande wa juu, karibu na ukuta, udongo ni mwepesi na mkavu. Wifi yangu aliyeko Ujerumani ameniletea pakiti ya mbegu za lupini zenye maua ya zambarau na pinki, na pakiti inasema zinarutubisha udongo. Mama mkwe, mtu wa Marangu, anasema niachane na maua nipande magimbi eneo lote. Kipi kinafaa? Naweza kuvichanganya? Nina mtoto wa miaka miwili na mbuzi watatu.

Jibu: Dada, mama mkwe wako ana haki kwa nusu ya chini ya eneo lako. Nusu ya juu ni habari nyingine, na pakiti ya wifi yako nayo inaahidi jambo ambalo udongo wa Ilboru hautalitimiza wenyewe. Tutalifikia.

Kinachoamua hapa ni maji. Gimbi asili yake ni maeneo yenye unyevu ya kusini na kusini-mashariki mwa Asia. Ndani ya vikonyo vyake vinene mna nafasi za hewa zinazoshusha oksijeni kutoka majanini hadi mizizini, ndiyo maana linaweza kusimama kwenye tope miezi kadhaa bila kuoza. Lupini iko kinyume kabisa. Ina mzizi mkuu unaoshuka wima, hupenda udongo unaopitisha maji haraka, na mzizi huo ukizama siku chache tu huanza kuwa mweusi, majani ya chini yanageuka manjano, mmea unalala. Kwa hiyo kuvichanganya kwenye tuta moja haiwezekani. Ukimwagilia kwa kiasi cha kuliridhisha gimbi, lupini inakufa. Ukimwagilia kwa kiasi cha lupini, utavuna magimbi ya ukubwa wa yai.

Kabla ya kushika jembe, pima. Chimba mashimo matatu, kila moja sentimita 30 kwenda chini na 30 upana: moja karibu na ukuta, la pili katikati, la tatu chini. Yajaze maji, yaache yaishe, kisha yajaze tena na uangalie saa. Maji ya mara ya kwanza hayakuambii kitu, kwa sababu udongo mkavu hunywa tu. Ya mara ya pili yakishuka sentimita 5 au zaidi kwa saa, hapo lupini inaweza kuishi. Yakikutwa bado yapo kesho yake asubuhi, hapo ni pa magimbi na usihangaike na kingine. Shimo la katikati ndilo litakalokuonyesha mpaka. Kipimo hiki kifanye mvua zikiwa zimeshaanza, maana Februari udongo ukiwa umepasuka utakudanganya.

Upande wa chini

Anza na kuhakikisha unapewa gimbi lenyewe. Kuna mimea miwili inayofanana, na watu huiita jina moja. Geuza jani: gimbi la kweli (*Colocasia esculenta*) kikonyo chake kinashika jani kwa nyuma, ndani kidogo kutoka kwenye pengo. Yule mwenzake (*Xanthosoma*) kikonyo kinaungana na jani palepale pengo linapoishia, na jani lenyewe limechongoka kama ncha ya mkuki. Huyu wa pili naye huliwa na anavumilia ukavu kuliko gimbi, lakini kwenye maji yaliyotuama anaoza. Kwa eneo lako la chini unataka yule wa kwanza. Kuna pia magimbi ya mapambo yenye majani meusi au vikonyo vya zambarau yanayouzwa na watu wa maua. Hayo yaache yawe ya kutazamwa.

Mbegu hununui. Mtu wa Marangu hakosi magimbi kihambani, chini ya migomba au pembeni mwa mfongo (mfereji wa maji wa Wachagga), na siku ya kuvuna vichwa ndivyo mbegu. Mwombe mama akukatie kipande cha juu cha gimbi chenye unene wa sentimita 1 au 2 kikiwa na vikonyo vyake, vikonyo vikatwe vibaki sentimita 20 hivi, majani yote yaondolewe. Machipukizi ya pembeni nayo yanafaa, ila chukua yaliyonenepa kuzidi kidole gumba. Membamba huchelewa miezi miwili nyuma ya wenzake na hayafidii. Yalaze kivulini siku 2 au 3 kidonda kikauke. Ukipanda siku hiyohiyo kwenye tope, ukungu wa uozo unaingia kupitia pale ulipokata.

Nafasi ni sentimita 60 kwa 60, kwa hiyo kipande cha mita 3 kwa 4 kinabeba mashina 30, na hayo ni mengi kwa nyumba moja. Sehemu inayonyeshewa sana tungekushauri sentimita 90 kati ya mistari, majani yapate upepo yakauke asubuhi. Shimo liwe la sentimita 30 kila upande. Changanya nusu ndoo ya lita 10 ya samadi iliyoiva na udongo wa juu, urudishe mpaka shimo libaki na kina cha sentimita 15, kisha simamisha mbegu na uishikilie kwa udongo kidogo. Usilijaze shimo. Gimbi hunenepa likipanda juu, na likipandwa juujuu linatokeza nje, ngozi inakuwa ya kijani na nyama yake ngumu. Badala yake, pandishia udongo kidogo kidogo mwezi wa 2, wa 3 na wa 4, mpaka shimo liwe tuta dogo. Baada ya mwezi wa 5 weka jembe chini kabisa. Mizizi iko juu juu na kila unapopalilia kwa nguvu unaikata. Kuanzia hapo ng'oa magugu kwa mkono na ufunike udongo kwa majani makavu ya migomba.

Samadi ya mbuzi wako inatosha kabisa ikiwa imelala miezi mitatu au zaidi. Mbichi inaunguza na inaleta funza. Gimbi linapenda sana naitrojeni na potasiamu. Kwa potasiamu nyunyiza kiganja kimoja cha jivu la kuni kwa shina wakati wa kupandishia udongo mara ya kwanza na ya pili, lisizidi hapo, kwa sababu jivu linapandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo) na gimbi linakaa vizuri kwenye 5.5 hadi 6.5.

Sasa hayo maji ya jikoni. Ya kuoshea mboga, mchele na vyombo vilivyosuuzwa, acha yaende. Maji ya kwanza ya kufulia, yale yenye povu la sabuni ya unga, yageuzie kwingine. Sabuni ya unga ina chumvi za sodiamu, nazo zikijikusanya msimu baada ya msimu udongo unagandamana, unakuwa kama sementi ukikauka na utelezi ukilowa, na kingo za majani ya magimbi zinaungua rangi ya kahawia. Ukiona hivyo, suuza eneo kwa maji safi mengi na uongeze mboji. Maji ya chooni yasiguse kabisa eneo la chakula. Halafu lowanisha udongo tu, usijenge bwawa: dimbwi la wazi nyuma ya nyumba ni kitalu cha mbu. Chimba mfereji mdogo wa sentimita 20 unaopita kati ya mistari ili maji yatembee.

Wakati wa kupanda ni katikati ya Machi, masika yakiingia. Kwa kuwa kwako hapakauki unaweza kupanda hata Oktoba kabla ya vuli, lakini Machi ni bora. Gimbi linadai maji mengi zaidi mwezi wa 3 hadi wa 6, majani yakiwa makubwa kabisa. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Ilboru imepanda kidogo zaidi, na baridi ya Juni hadi Agosti inapunguza kasi. Tegemea miezi 9 hadi 11. Aliyeko Moshi mjini, chini ya mita 1,000, anaweza kuvuna mapema zaidi iwapo ana maji.

Ugonjwa wa kuuogopa ni bakajani la magimbi, linaloletwa na kimelea kiitwacho *Phytophthora colocasiae*. Mwaka 1993 liliingia Samoa na kuvunja kilimo cha magimbi cha visiwa vile karibu chote. Linaanza kama doa dogo la duara lililolowa maji, mara nyingi pale tone la mvua lilipokaa, kisha linapanuka kuwa la kahawia lenye mizunguko, na upande wa chini hutoa matone ya utomvu wa rangi ya chungwa. Asubuhi na mapema utaona ukingo mweupe kuzunguka doa. Hizo ni mbegu za ugonjwa zikisubiri tone jingine. Hupenda usiku wenye unyevu na joto la kadiri, yaani masika yetu. Jani likionyesha doa, likate siku hiyo, lizike au lichome, usiwape mbuzi na usilitupe kwenye shimo la mboji. Mwagilia chini kwenye udongo, kamwe si juu ya majani. Dawa za ukungu zenye shaba husaidia zikitangulia ugonjwa, ila jani la gimbi lina nta na dawa huteleza kama maji. Bila kuongeza kigandishi unalipia dawa inayoishia ardhini. Kwa mashina 30 ya nyumbani, mkono na kisu vinatosha.

Majani yakionyesha michirizi myeupe au ya njano mithili ya unyoya kufuata mishipa, hicho ni kirusi, huenezwa na vidukari na kwa mbegu. Hakina dawa. Shina hilo litakupa gimbi dogo. Unaweza kulila, lakini usichukue mbegu kwake.

Na kuna fuko. Shina lililokuwa zuri linalala ghafla, ukilivuta linakuja bila kitu chini: hapo ni yeye, hakuna haja ya kutafuta ugonjwa. Tafuta lundo la udongo mbichi, fukua njia yake na utege hapohapo. Eneo lenye unyevu mwingi halipendi sana, kwa hiyo mashina ya pembeni upande wa juu ndiyo hushambuliwa kwanza.

Utajua limekomaa majani mapya yakianza kuwa madogo, vikonyo vifupi, ya zamani yakigeuka manjano na udongo shinani ukipasuka. Punguza maji wiki tatu au nne kabla. Watu wengi huliacha gimbi ardhini kama ghala, na kiangazi hilo linawezekana. Lakini mvua zikirudi kabla hujavuna, gimbi linaamka, linatoa majani mapya kwa kutumia wanga liliojiwekea, na ndipo unapata yale magimbi ya maji, yanayoteleza na yasiyoiva hata ukichemsha mchana kutwa. Ukipanda Machi, maliza kuvuna kabla ya masika yanayofuata. Shina lililotunzwa hutoa kilo 1 hadi 2.

Upande wa juu

Kwanza karatasi. Mbegu zinazoingia nchini kutoka nje zinatakiwa ziwe na kibali cha kuingiza na cheti cha usafi wa mimea cha nchi zilikotoka, hata zikiwa pakiti moja kwenye begi. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake makuu yako hapohapo Arusha, kwa hiyo huna kisingizio cha umbali. Sababu ni ya kweli: ugonjwa mbaya kuliko yote wa lupini, chule (*Colletotrichum lupini*), husafiri ndani ya mbegu bila kuonekana. Uliza kabla ya kupanda. Ukiambiwa ziteketezwe, ziteketeze na uruke hadi tutakapozungumzia ngwara, zao jingine la jamii ya kunde.

Zikipita, soma pakiti. Ukiona neno *mehrjährig*, ni aina ya kudumu, na mchanganyiko wa zambarau na pinki kwa kawaida ni hiyo: kizazi cha *Lupinus polyphyllus* wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, iliyoboreshwa na George Russell, mtunza bustani wa York, Uingereza, akaionyesha hadharani mwaka 1937. Imezoea majira ya baridi kali kisha mchana mrefu wa saa 16. Arusha mchana ni kama saa 12 mwaka mzima na barafu haishuki bustanini. Matokeo yake ni kichaka kizuri cha majani yaliyofumbuka kama kiganja, maua machache au ya kuchelewa, na mmea unaochoka baada ya msimu mmoja. Neno likiwa *einjährig*, ni la mwaka mmoja, na hapo una tumaini kubwa zaidi, hasa ikiwa ni *Lupinus hartwegii* wa Mexico. Kwa vyovyote vile ihesabu kama ua la msimu. Anayekuambia itakaa miaka mitano Ilboru kama inavyokaa Ujerumani anakupendezesha tu.

Kuhusu kurutubisha udongo: lupini kweli ni jamii ya kunde na inaweza kukamata naitrojeni ya hewani, lakini haifanyi hivyo peke yake. Inahitaji bakteria wake maalumu wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi, na bakteria wa maharage au wa soya si hao. Penye udongo usiowahi kuota lupini, mara nyingi hawapo. Wiki ya 6 au ya 8 ng'oa mche mmoja kwa uangalifu, osha mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au pinki ndani, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au kijivu, au vinundu havipo kabisa, lupini yako inakula naitrojeni ya udongo kama mahindi yanavyofanya, na utalazimika kuipa mboji kidogo isiwe manjano.

Lakini usianze na mboji nyingi, wala samadi, wala urea. Udongo ukishiba naitrojeni lupini inakua majani mpaka inalala, maua hakuna, vidukari wanahamia.

Panda kwenye viriba virefu, upana sentimita 10 na kina 20, kwa sababu mzizi mkuu hautaki kukunjwa. Changanya sehemu 3 za udongo wa juu, 2 za mchanga wa mto na 1 ya mboji iliyochekechwa. Ganda la mbegu ni gumu: sugua kila mbegu upande mmoja kwa msasa mpaka uone rangi ikibadilika, kisha loweka kwenye maji ya uvuguvugu saa 12 hadi 24. Zilizovimba panda, zisizovimba zisugue tena. Weka mbili kwa kiriba, funika kwa sentimita 1 ya udongo. Zitaota kati ya wiki 1 na 3. Ondoa ule mche dhaifu kwa kuukata, usiuvute, mizizi yao imeshashikana.

Anza viriba mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, chini ya paa linaloingiza mwanga, ili mvua kubwa isivifikie. Hamishia bustanini mwishoni mwa Aprili au Mei, miche ikiwa na majani halisi 3 au 4. Ukingoja hadi mzizi utokeze chini ya kiriba umeshachelewa; mche uliokunjwa mzizi hudumaa hata ukiupa nini. Chana kiriba ubavuni, shusha donge zima. Tuta liwe limeinuliwa sentimita 25 hadi 30, nafasi sentimita 40 kati ya mche na mche, jua la muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Kwa mpango huu mmea unakutana na baridi ya Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo hali ya hewa pekee tuliyonayo inayofanana kidogo na kwao. Maji: mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, baadaye mara moja, na tu kidole kikizama sentimita 5 bila kukuta unyevu. pH ya 5.5 hadi 6.5 inaifaa, usiweke jivu wala chokaa, majani machanga yatakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu chokaa inaizuia kufyonza chuma.

Miche inayoanguka ikiwa imenyauka pale inapogusa udongo ni ukungu wa kitalu: umemwagilia mno au umebana miche. Iliyokatwa usiku kama kwa mkasi ni kazi ya sota, kiwavi anayekata miche. Fukua sentimita 3 kuzunguka mche asubuhi utamkuta amejikunja. Konokono nao watakuja mara tu miche inapogusa ardhi, waokote usiku kwa tochi. Vidukari wakijaa kwenye shina la maua, waoshe kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita, jioni, rudia baada ya siku tano. Shina likijipinda kama limevunjika shingo na kidonda cha rangi ya chungwa kikatokea penye mpindo, hicho ni chule. Ng'oa mmea wote, choma, usihifadhi mbegu hata moja.

Ua likishanyauka theluthi mbili, kata shina lake lote kabla halijafunga maganda. Linaweza kutoa maua tena, madogo kidogo, na unazuia mbegu. Hili la mbegu ni zito kuliko linavyoonekana. Lupini ya kudumu imetoroka bustanini na kuwa gugu sugu New Zealand na nchi za kaskazini mwa Ulaya, na wewe unaishi chini ya mteremko wa Meru, karibu na msitu. Usitupe mabaki yenye maganda korongoni wala mtoni.

Mtoto na mbuzi

Hapa mimea yote miwili ina lawama, ila si sawa. Gimbi bichi, jani, kikonyo au kiazi, lina fuwele za oksaleti za kalsiamu zenye ncha kama sindano. Mtoto akitafuna ataungua mdomo papo hapo, atalia na kutema, kwa hiyo mara chache humeza kiasi kikubwa. Mfute mdomo, msuuze, mpe maji baridi au maziwa, na ukiona midomo au ulimi unavimba au anapumua kwa shida, mkimbize hospitali. Jikoni menya ukiwa na mikono mikavu au umevaa glavu, chemsha mpaka kisu kipenye bila kukwama, dakika 40 au zaidi, na mwaga maji yale. Linalowasha kooni baada ya kupikwa halijaiva.

Lupini inatisha zaidi kwa kuwa haina onyo la namna hiyo. Mbegu za lupini za maua zina sumu chungu ziitwazo alkaloidi, na maganda yake yanafanana sana na ya njegere. Dalili ni mdomo mkavu, mboni za macho kupanuka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Usimtapishe mtoto, mpeleke hospitali na uchukue ganda mkononi. Utasikia kwamba lupini huliwa, na ni kweli: lupini nyeupe na ile ya milima ya Andes huchemshwa na kuloweshwa siku kadhaa kwa kubadilisha maji mpaka uchungu uishe, na zipo aina zilizochaguliwa zisiwe chungu. Pakiti ya maua si mojawapo. Mwenye mzio wa karanga anaweza kudhurika hata na hizo zinazoliwa.

Mbuzi usiwape lupini, iwe mbichi au kavu. Shina kavu lililoota ukungu lina sumu nyingine tena, inayoharibu ini. Majani ya magimbi mabichi nayo si malisho.

Ndiyo maana, kama unachotaka kwenye nusu ya juu ni udongo bora na chakula cha mbuzi, tungekuambia panda ngwara. Inavumilia ukavu, bakteria wake tayari wapo kwenye udongo wetu kwa sababu ni ndugu wa wale wa kunde, aina nyingi zina maua ya zambarau yaliyosimama wima, mbegu unapika ukishamwaga maji ya kwanza, na majani mbuzi wanayapenda. Weka mbegu 2 kwa shimo, sentimita 50 kwa 75, Machi. Lupini ipe tuta moja tu la mita 1 kwa 2 karibu na ukuta, kwa ajili ya macho, na uizungushie uzio wa kuzuia mtoto na mbuzi. Mashina 10 yanatosha kukuonyesha kama inakubaliana na nyumba yako.

Wasomaji wa Moshi mjini na tambarare zake: joto lenu ni kubwa mno kwa lupini, okoeni pesa. Walioko Kibosho, Machame na Marangu wanaweza kujaribu kwa utaratibu huuhuu, ila mvua zao za masika ni nyingi kuliko za Ilboru, hivyo tuta lipande hadi sentimita 40 na miche ihamishwe Juni.

Mbegu zitakazobaki zitie kwenye chupa ya kioo iliyokauka, andika kwa herufi kubwa SUMU, SI CHAKULA pamoja na mwezi na mwaka, uiweke juu kabisa, mbali na kabati la maharage. Zikikaa kavu zitaota hata baada ya miaka mitatu.